Salamu za Krismasi: Yusufu Aliamka, Akafanya

Wapendwa katika Kristo, Bwana Yesu asifiwe.

Nawaandikia katika juma ambalo sehemu kubwa ya usharika wetu hapa Dar es Salaam iko njiani. Mabasi ya Moshi na Arusha yanatoka Mbezi Luis yamejaa, na wenzetu wanapanda kwao Kilimanjaro wakiwa na mifuko ya mchele miguuni na watoto waliosinzia mapajani. Kila ninapowasindikiza hukumbuka kwamba hata Krismasi ya kwanza ilianza kwa safari ya kurudi kwao, ingawa Yusufu na Mariamu hawakuwa wanakwenda kula ndafu. Walikuwa wameitwa na amri ya Kaisari Augusto, kila mtu akaandikwe mjini kwao.

Mwaka huu nimekaa sana na huyo Yusufu. Katika igizo la shule ya Jumapili nafasi yake hupewa mtoto asiyeweza kukariri, kwa kuwa hana la kusema, nasi hatukosei sana, maana Injili zote nne hazikutuandikia hata neno moja lililotoka kinywani mwake. Mathayo anaeleza tu alichofanya. Aliagizwa katika ndoto, akaamka, akamchukua mke ambaye yeye Yusufu alikuwa amekwisha kuazimia kumwacha kwa siri. Akaagizwa tena, naye hakungoja kuche: aliondoka usiku uleule na mtoto na mama yake, wakashika njia ya Misri. Hatusomi kwamba aliuliza watakula nini huko, wala watakaa muda gani. Mimi ningeuliza.

Luka naye ametuhifadhia jambo ambalo huwa tunalipita haraka. Mtoto alipopelekwa Yerusalemu, wazazi wake walitoa sadaka ya ndege wawili, ambayo torati ilimruhusu asiyeweza kupata mwana-kondoo. Wangeweza kusema kwamba hawana kitu, au, kwa ujasiri zaidi, kwamba wanaomlea Masihi mwenyewe hawana haja ya kutoa sadaka ya utakaso kama watu wengine. Hawakusema hivyo, walikwenda wakatoa kile walichokuwa nacho, kwa utaratibu uleule uliowahusu wote.

Hapo ndipo naona utii ukishikana na kicho, neno ambalo mwandishi wa Waebrania, katika Biblia yetu ya Kiswahili, ameliweka pamoja na unyenyekevu anapotaja ibada inayompendeza Mungu. Kumcha Mungu si kumkimbia kama mtu anavyomkimbia simba. Ni kujua uko mbele ya nani, na mikono ikafanya kazi kwa kujua hivyo. Mwaka jana, mchana wa tarehe 24, nilimkuta mama mmoja wa usharika wetu amepiga magoti karibu na madhabahu, akibandua nta ya mishumaa sakafuni kwa kisu cha jikoni, kisha akipafuta mahali pale mara mbili. Nilimwambia asijisumbue, jioni zulia litapafunika. Akanijibu, "Nisogezee hiyo ndoo, baba," akaendelea. Usiku wake nilisimama juu ya zulia lile nikiimba sauti ya nne, na nakiri kwamba muda wote nilijua kamera iko upande gani.

Basi nawatakia Krismasi yenye amani. Nawasalimu kwa namna ya pekee ninyi ambao mkesha utawakuta kazini: wauguzi wodini, walinzi getini, madereva barabarani, na akina mama ambao wakati sisi tunaimba watakuwa bado jikoni wakichambua mchele wa pilau ya kesho. Wazee wetu mlio wagonjwa nyumbani, mchungaji na wazee wa kanisa watawafikia na Meza ya Bwana. Nanyi mnaopanda mlimani, mfike salama, mtusalimie nyumbani, na mtukumbuke katika maombi huko kwenye sharika zenu za utotoni.

Heri ya Krismasi na baraka za mwaka mpya.