Yah: Adapta zenu za intaneti kwenye soketi zinaziba redio Mikindani na Shangani

Kwa Meneja wa Huduma,
Kampuni ya Intaneti,
Mtwara.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni mafundi na waendeshaji wa simu za upepo na redio za mawimbi mafupi katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani. Tunalalamikia zile adapta ndogo za kuchomeka kwenye soketi, ambazo mafundi wenu wanazifunga kwenye magesti na nyumba za watu ili kupitisha intaneti ndani ya nyaya za umeme. Zinapowaka, kelele inajaa kuanzia 2 hadi 28 MHz, na kituo ambacho jana kilisikika neno kwa neno leo hakisikiki kabisa. Hatuwaombi mfunge huduma. Tunaomba ishara ya intaneti itoke kwenye nyaya za umeme ipite kwenye waya wake yenyewe, na wakati mnajipanga kufanya hivyo, mzime ndani ya adapta masafa tutakayoyataja.

Sababu ya kuchagua njia hii tunaijua. Kuta za nyumba za kale za Mikindani ni mawe ya matumbawe na chokaa, na Wi-Fi ikishavuka ukuta wa pili imekwisha nguvu. Fundi anachomeka adapta moja karibu na ruta, nyingine chumba cha mwisho, anabonyeza kitufe cha kuzioanisha, na hajatoboa hata tundu moja. Kwenu ni kazi ya dakika tano. Jirani mwenye redio ndiye anayelipa.

Ili tusibishane kama kweli ni adapta zenu, fundi wenu ajihakikishie mwenyewe. Achukue redio ndogo ya mawimbi mafupi inayotumia betri, isiyochomekwa popote, yenye uwezo wa kupokea SSB, aina ya urushaji sauti inayotumiwa na simu za upepo. Aiweke 6,215 kHz na asimame mita tano kutoka kwenye ukuta wenye mita ya LUKU. Kama hakuna anayetumia intaneti, atasikia mdundo wa harakaharaka, tatatata isiyobadilika. Hizo ni salamu za adapta: inatuma moja kila mizunguko miwili ya umeme, na kwa umeme wetu wa 50 Hz ni mara 25 kwa sekunde. Sasa mtu mmoja afungue video kwenye simu. Mdundo unageuka mvua kubwa juu ya bati. Azime meni swichi ya nyumba hiyo. Kelele ikikatika, chanzo kiko humo ndani. Ikipungua tu, kuna nyingine kwa jirani. Tulipojaribu hivi, kipimo cha ishara cha redio kilishuka kutoka S9, ambayo ni nguvu kubwa, hadi kati ya S2 na S3, ambayo ni hafifu. Kuzima Wi-Fi ya ruta hakutoshi, kwa sababu adapta mbili huendelea kusalimiana hata kama hakuna mtumiaji. Lazima zing'olewe kwenye soketi.

Kuna alama nyingine ambayo haina ubishi. Azungushe redio taratibu kutoka 6,900 kHz kupanda juu. Kwa adapta nyingi za kizazi cha sasa, kelele inakatika ghafla kwenye 7,000 na kurudi ghafla kwenye 7,300, kama mtu aliyekata kwa kisu. Chaja mbovu haifanyi hivyo, wala taa ya LED ya bei chee. Kelele za hizo huja kwa vilima vinavyojirudia kila baada ya makumi ya kHz na huhamahama kifaa kikipata joto. Pengo lenye kingo zilizonyooka ni kazi ya kiwandani: aliyetengeneza adapta alizima kwa makusudi masafa ya redio za ridhaa, yaani za watu wanaorusha kwa kupenda tu, si kwa biashara. Kwa hiyo uwezo wa kuzima masafa upo ndani ya kifaa mlichonacho. Kilichokosekana ni mtu wa kuzima na yale ya bahari.

Tueleze pia kwa nini kitu kidogo vile kinafika mbali, maana tumeshaambiwa kwamba "nguvu yake ni ndogo sana". Adapta za aina hii husukuma kwenye waya kiasi cha dBm hasi 50 kwa kila Hz moja (dBm ni kipimo cha nguvu ya ishara; hasi ikiwa kubwa, nguvu ni ndogo). Simu ya upepo ya SSB inafungua mlango wa karibu 3,000 Hz, kwa hiyo kinachoingia katika mlango huo ni kama dBm hasi 15. S9 kwenye mawimbi mafupi ni dBm hasi 73. Hata kama sehemu moja tu kati ya laki moja ya nguvu hiyo itafika kwenye antena ya jirani, atapokea dBm hasi 65, yaani desibeli 8 juu ya S9. Ishara ya boti iliyo mbali huja chini ya hapo. Inafunikwa.

Na nyaya za nyumba zinavujisha sana. Laivu na nyutro zikienda pamoja bega kwa bega, moja hufuta mawimbi ya mwenzake. Lakini angalieni waya wa taa: nyutro inakwenda moja kwa moja kwenye taa, laivu inashuka ukutani hadi swichi kisha inapanda tena peke yake. Hapo usawa umevunjika na waya umegeuka antena. Kila swichi ya nyumba ina kitanzi kama hicho. Kisha kuna waya wa kutoka nguzoni hadi kwenye nyumba. Nusu ya wimbi la 7 MHz ni mita 21, na waya wa urefu huo unaoning'inia hewani upo mitaa yote ya Shangani. Zile adapta zinazotumia na ethi ili ziongeze kasi ni mbaya zaidi, maana ule waya unaoshuka kwenye nondo nje ya nyumba nao unaanza kurusha. Mita haizuii masafa haya kwa maana yoyote, na nyumba zinazokula fezi moja kwenye transfoma moja zimeshaunganishwa tayari.

Msije mkadhani tunachukia kila kinachopitishwa kwenye umeme. Baadhi ya mita za malipo ya kabla, mita ikiwa nguzoni na kibao cha kuingizia tokeni kikiwa sebuleni, huongea kupitia waya huohuo. Zinatumia masafa ya chini ya 150 kHz, kwa data kidogo, na hazitugusi.

Wanaoguswa na adapta zenu ni hawa. VHF chaneli 16 ya boti, kwenye 156.8 MHz, iko salama. Tunalisema ili malalamiko yasitiwe chumvi. Lakini VHF haivuki upeo wa macho. Boti ikishaelekea Mafia, Zanzibar au Komoro, inategemea mawimbi mafupi: 2,182 kHz, 4,125, 6,215 na 8,291, ambayo yote ni masafa ya kimataifa ya dharura baharini kwa sauti, pamoja na masafa ya kawaida ya kazi yaliyo pembeni yake. Yote manne yamo ndani ya kelele. Wapo pia wasikilizaji wa kawaida, wakiwamo wazee wa pwani walioizoea Redio ya Zanzibar kwenye 11,735 kHz. Na wapo wa redio za ridhaa wenye leseni, ambao kwa adapta zilizozimwa masafa yao hawaumii sana, ila kwa zile za zamani zisizo na mapengo hawana pa kwenda.

Muda nao ni tatizo. Masafa ya 4 hadi 8 MHz hufika mbali jua likizama. Ndiyo saa hiyohiyo wageni wa gesti wamerudi vyumbani na kufungua filamu. Msimu wa korosho ukianza, kuanzia Oktoba, magesti yanajaa na mvua ya kwenye bati hainyamazi hadi usiku wa manane.

Mtasema kukiwa na dhoruba umeme hukatika, na adapta nazo zitanyamaza. Ni kweli nusu. Kabla ya Kimbunga Kenneth mwaka 2019 na Hidaya mwaka 2024, tahadhari zilitolewa siku kadhaa mapema, umeme ukiwapo. Huo ndio wakati nahodha aliye nje anapaswa kusikia aambiwe ageuze. Na gesti zenye inveta haziwi kimya hata umeme ukikatika.

Tumeambiwa pia kwamba adapta zina cheti. Cheti cha kifaa hakimaanishi ruhusa ya kuziba huduma nyingine. Kanuni za Redio za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, kifungu 15.12, zinazitaka nchi zichukue kila hatua inayowezekana ili vifaa na mitambo ya umeme, mitandao ya kusambaza umeme na ya simu ikiwamo, visilete mwingiliano wenye madhara kwa huduma za redio, hasa zile za usalama. Ulaya wana kiwango EN 50561-1 cha mwaka 2013 kinachozitaka adapta za ndani ya nyumba zikwepe masafa ya redio za ridhaa na ya ndege. Tunaomba mtuonyeshe adapta zenu zimepimwa kwa kiwango gani, na kama zimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) kwa matumizi ya hapa nchini.

Sasa tunachotaka kifanyike.

Kwa magesti, tandazeni waya wa mtandao. Cat 6 ya shaba tupu, si ile ya alumini iliyopakwa shaba, maana hiyo inakatika kwenye kona na haibebi vizuri umeme wa PoE, ule unaopita ndani ya waya huohuo wa mtandao. Jozi zake zimesokotwa, ndiyo maana hazirushi. Kwa gesti ya vyumba kumi, swichi moja ya PoE ya milango 8 na vituo vinne vya Wi-Fi, kila kimoja kikihudumia vyumba viwili au vitatu, vinatosha. Boksi moja la mita 305 litamaliza gesti mbili kama mtu hapotezi waya, na msivuke mita 100 kwa mkondo mmoja. Kwenye kuta za matumbawe, toboeni kwa biti ndefu bila kupigisha nyundo, la sivyo lipu ya chokaa itadondoka vipande. Tundu liinamie nje ili maji ya mvua yasiingie ndani, na waya uachiwe tumbo dogo kabla ya kuingia ukutani. Plagi zilizo upande wa bahari zifungwe ndani ya kasha lisilopitisha maji. Chumvi ya hapa inakula meno ya plagi kabla ya mwaka kuisha, kisha mteja analalamika kwamba "mtandao ni mbovu".

Pale ambapo adapta zitabaki kwa muda, zimeni ndani yake masafa ya 4,063 hadi 4,438 kHz, 6,200 hadi 6,525, 8,100 hadi 8,815 na 12,230 hadi 13,200, na kipande cha kuzunguka 2,182. Tumewapigia hesabu. Mawimbi madogo yanayobeba data kwenye adapta za kizazi cha AV (kiwango cha HomePlug AV) yamepangwa kila baada ya kHz 24.4, na yanayotumika ni 917. Kanda hizo nne za bahari zinakula kama 98 tu. Mteja atapoteza asilimia 11 ya kasi na hataona tofauti. Kama programu ya adapta zenu hairuhusu mabadiliko hayo, basi hizo si za kubaki hata kwa muda. Adapta zisizo na pengo la 7 MHz ziondolewe kabla ya nyingine zote. Jaribio la redio ya betri litawaonyesha ni zipi.

Msituletee feraiti, yale mabonge meusi ya sumaku ya kuzuia kelele, za kubana kwenye waya mkadai mmemaliza. Feraiti iliyopitiwa na waya mara moja karibu haina kazi kwenye 6 MHz. Kizuizi kinakua kwa mraba wa mizunguko, hivyo inahitajika pete kubwa na mizunguko minane hadi kumi, na hata hapo uvujaji utaanza upya kwenye swichi ya kwanza mbele yake. Pete hizo tumeshazifunga kwenye redio zetu. Zinasaidia kelele inayopanda na waya wa redio, ila iliyokwisha kuingia kwenye antena kutoka hewani haziigusi.

Kuna faida yenu pia katika hili. Mkiona wateja wanasema intaneti inakatika kwa sekunde chache kisha inarudi, ulizeni kama jirani ana redio ya wati 100. Waya unaorusha ndio huohuo unaopokea. Mwenye leseni akibonyeza kitufe cha kuongea, adapta zenu zinapotezana, na sheria haimtaki yeye anyamaze.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 21, likiwa na orodha ya mitaa mlikofunga adapta na aina zake. Fundi wenu akija kupima tutakuwa naye. Aje na betri mpya, kati ya saa moja jioni na saa tatu usiku. Akija saa nne asubuhi atasikia nusu tu ya tunachokisema.

Wenu,
Mafundi na waendeshaji wa redio,
Mikindani na Shangani, Mtwara.

Nakala: Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA)