Macho yanayowasha siyo ya kuwekewa dexa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa rohoni. Mimi nafundisha shule ya msingi hapa Dodoma na kila mwaka ikifika Julai Agosti, upepo ukianza na lile vumbi letu, darasani hawakosekani watoto wanaofikicha macho kutwa nzima, wengi wavulana, macho mekundu, machozi yanatiririka, na wengine ukiwaangalia vizuri ile nyeupe ya jicho imeshaanza kuwa kahawia. Hiyo ni aleji ya macho. Ukimwita mzazi anakwambia mwalimu mbona tumeshampa dawa, ukiomba uione ni kichupa cha dexa, yale matone ya deksamethasoni, kutoka dukani hapo mtaani, na hakuna daktari aliyeiandika.

Jamani dexa ni steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na muwasho. Inatuliza kweli, tena haraka, afu bei yake rahisi ndo maana watu wanaipenda, lakini ukimdondoshea mtoto wiki kwa wiki bila mtu kumpima, presha ya ndani ya jicho inaweza kupanda, na presha hiyo haiumi, mtoto anacheza mpira kama kawaida huku mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo unakufa taratibu na ukishakufa haurudi. Inaweza pia kumletea mtoto wa jicho, ule ugonjwa tuliozoea kuuona kwa mabibi na mababu, sasa fikiria kwa mtoto wa darasa la tatu. Na kama kumbe jicho lilikuwa na fangasi au vile virusi vya herpesi basi ndo unaviachia uwanja. Sisemi steroidi ni sumu, madaktari wa macho wanaiandika aleji ikiwa kali, ila wanaiandika kwa muda na wanapima presha ya jicho. Muuza duka hapimi.

Dawa ya kuanzia kwa macho yanayowasha ni matone ya antihistamini. Vumbi au ule unga wa maua ukigusa ile ngozi laini inayofunika jicho, mwili wa mtu mwenye aleji unamwaga kitu kinaitwa histamini, na hiyo histamini ndo inayoleta muwasho, wekundu na machozi. Ketotifeni na olopatadini, ambazo ndo matone yenyewe, zinaizuia histamini isifanye kazi na pia zinazuia nyingine isimwagwe, nafuu inaanza ndani ya dakika. Ketotifeni kwa kawaida ni tone moja mara mbili kwa siku, olopatadini kuna ya mara mbili na kuna yenye nguvu zaidi ya mara moja tu, kwa hiyo soma karatasi ya ndani ya boksi, usifuate ya jirani. Mtoto wa chini ya miaka 3 aanzie kwa daktari. Kromoglikati nayo ni nzuri lakini ni ya taratibu, mara nne kwa siku na inaweza kuchukua siku kadhaa hadi wiki kabla hujaona kitu, watu wanaitupa siku ya pili wakisema feki.

Na kuweka kwenyewe kuna namna yake. Nawa mikono, vuta kope ya chini, dondosha tone moja tu, ncha ya kichupa isiguse jicho wala kope, kisha afumbe macho na umbonyeze kidogo pale kwenye kona karibu na pua kama dakika moja. Tone la pili halina kazi, jicho halina nafasi yake, linaishia shavuni na hela yako imeenda. Kama kuna dawa nyingine ya macho subiri dakika 5. Anayevaa lenzi za kubandika kwenye jicho azitoe kwanza, akae angalau dakika 10 ndo azirudishe, na kama macho bado mekundu asizivae kabisa. Vichupa vingi vikishafunguliwa mwisho wake ni wiki 4, andika tarehe kwa kalamu hapohapo kwenye chupa. Na kila mtu na chupa yake, mwanzoni mwa 2024 yale macho mekundu ya virusi yalivyosambaa nchini tuliona jinsi yanavyoruka nyumba nzima, mkichangia chupa mnayapa lifti.

Kingine ni piritoni, vile vidonge vya aleji. Mtoto anapewa asubuhi kwa ajili ya macho, saa nne yuko mezani kwangu amelala, na vidonge hivyo vinaweza hata kukausha macho yakazidi kusumbua. Kitambaa safi cha maji baridi juu ya macho kinasaidia sana, na kunawa uso akitoka kwenye vumbi, na kumkataza kufikicha, hili nalisisitiza kwa sababu kufikicha kwa miaka kunaweza kuchangia kile kioo cha mbele cha jicho kuwa chembamba na kuchongoka, hapo hata miwani ya kawaida inashindwa.

Muwasho ndo alama kubwa ya aleji. Kama jicho linauma badala ya kuwasha, mtoto anakwepa mwanga, anaona ukungu, ni jicho moja tu au linatoa usaha, achana na matone ya dukani mpeleke hospitali yenye daktari wa macho siku hiyohiyo. Na ambaye ameshatumia dexa muda mrefu apelekwe akapimwe presha ya jicho hata kama anasema haumwi.

Wenzetu mnaouza dawa, najua mteja anakuja na elfu mbili mkononi na ana haraka, lakini muulizeni hiyo dexa ni ya nani na ameandikiwa na nani. Na wewe Mhariri, naomba ukurasa wenu wa afya umtafute daktari wa macho alieleze hili kabla vumbi la mwaka huu halijaanza, mtuwekee na picha za maboksi yenyewe, wazazi wengi wa hapa kwetu wanaijua dawa kwa rangi ya boksi kuliko kwa jina.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Dodoma