Mheshimiwa Waziri, makovu ya vikope yanaendelea hata baada ya dawa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni muuguzi wa macho katika wilaya moja ya Kanda ya Kati. Nakuandikia hadharani kwa sababu wenye jambo hili hawana namna ya kukufikia. Wengi wao ni akina mama wa makamo wanaotembea na kibano kilichofungwa kwenye pindo la khanga, ili nywele za kope zikianza kuwachoma jicho wapate kuzing'oa.

Tanzania inaelekea kuutokomeza ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, usiwe tena tatizo la afya ya jamii. Lengo la dunia ni mwaka 2030. Oman ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2012, kabla ya nchi nyingine zote. Majirani zetu Malawi wakafuata mwaka 2022, na Burundi mwaka 2025. Nasi tunaitamani siku hiyo, na wanaogawa kingatiba kijiji kwa kijiji wanastahili kuiona. Ombi langu ni kwamba siku hiyo itakapofika, utafiti kuhusu namna mwili unavyopambana na ugonjwa huu usifungwe pamoja na mafaili ya kampeni. Tena uanze kugharamiwa na sisi wenyewe tangu sasa.

Niruhusu nieleze kwa nini, maana nimeona viongozi wengi wakiamini kwamba mdudu akishakufa kazi imekwisha.

Mdudu wa vikope, yaani bakteria aitwaye Chlamydia trachomatis, hukaa kwenye ngozi laini ya ndani ya kope. Hupita kwa vidole, kwa kitambaa cha kufutia uso, na kwa nzi wanaofuata matongotongo ya watoto. Madhara makubwa hatuyapati kwake moja kwa moja. Ni kinga ya mwili inayokuja kumfukuza: jicho linakuwa jekundu, kope inavimba, vijipele vinajitokeza ndani yake, na panapopona panabaki nyuzi za kovu. Mtoto anaambukizwa tena, anavimba tena, kovu juu ya kovu. Baada ya miaka mingi kovu hilo hukaza na kuuvuta ukingo wa kope kuelekea ndani, nywele za kope zinaanza kukwaruza kioo cha jicho kila mtu anapopepesa, na kioo kinaingia ukungu mweupe usioondoka. Azithromaisini, dawa inayogawiwa vijijini, humuua mdudu vizuri sana, lakini kovu haiwezi kuligusa.

Hili halikugunduliwa mbali na sisi. Watafiti wamekuwa Kongwa, mkoani Dodoma, tangu miaka ya 1980. Waliwafuatilia watoto kwa miaka 7, na kati ya wale waliokuwa na vikope vikali vya kudumu karibu 3 katika kila 10 walipata makovu. Kwa wengine ilikuwa kama 1 katika 10. Baadaye, chini ya Mlima Kilimanjaro upande wa Siha, watoto wa vijiji vitatu vya Wamasai walichunguzwa kila baada ya miezi mitatu kwa miaka minne, ikaonekana tena kwamba anayevimba mara kwa mara ndiye kovu lake linalokua. Lililonishtua zaidi ni la watu wazima wa Tanzania na Ethiopia ambao tayari walikuwa na makovu. Makovu yao yaliendelea kukua, kope zikiwa bado zimevimba, ilhali mdudu mwenyewe alipatikana kwa nadra mno. Kwa hiyo kuna kitu kinaendelea kuwaka ndani ya kope hata pale kipimo cha maambukizi kinaposema hakuna. Protini kadhaa za kinga zimeshaonekana kuongezeka kwenye kope za namna hiyo. Kinachouendesha moto huo hatujakipata chote, na dawa ya kuuzima hatuna.

Halafu kuna swali ambalo kila mama wa kijijini ameshaniuliza kwa maneno yake: mbona hawa wamelala kitanda kimoja, wamenawa beseni moja, mmoja amepona na mwenzake ameharibika macho? Sehemu ya jibu ni bahati na idadi ya maambukizi. Sehemu nyingine ni vinasaba. Gambia walilichunguza hili kwa bidii kubwa. Katika miaka ya 1990 waliona kwamba aina fulani ya kinasaba kinachoongoza protini ya TNF, mojawapo ya protini zinazochochea uvimbe, ilikuwa nyingi zaidi kwa watu wenye makovu, na hata machozi yao yalikuwa na protini hiyo kwa wingi. Mwaka 2009 wakalinganisha mapacha wanaofanana kabisa na wasiofanana, wakakadiria kwamba karibu asilimia 39 ya tofauti katika mwitikio wa chembe za kinga dhidi ya mdudu huyu inatokana na urithi. Baadaye vinasaba vya Wagambia zaidi ya 2,000 vilipopekuliwa kwa pamoja, hakikupatikana kinasaba kimoja cha kulaumiwa; vipo vingi, kila kimoja kikichangia kidogo.

Matokeo ya Gambia hayawezi kuhamishiwa Kongwa hivi hivi, Mheshimiwa. Tuna Wagogo, Wamasai, Warangi, Wakaguru, na kila jamii ina historia yake ya damu. Utafiti wa namna hii unataka maelfu ya watu na wataalamu wanaoaminika na watu hao. Mgeni wa miezi sita hawezi kuufanya.

Najua utaulizwa: fedha za vinasaba zinatoka wapi wakati vijiji havina maji? Maji yaje kwanza, nami nitakuwa wa mwisho kubisha. Uso safi, choo na kisima ndivyo vinavyomzuia mtoto wa leo asiambukizwe. Lakini bibi yake mwenye kovu hasaidiwi na kisima. Shirika la Afya Duniani linasema upofu wa vikope huwapata wanawake hadi mara nne zaidi ya wanaume, kwa kuwa wao ndio wanaoshinda na watoto. Kwa mama huyo tunacho kisu tu, yaani upasuaji wa kuigeuza kope, na kwa baadhi kope hurudi ndani tena. Wanaorudi nawafahamu kwa majina. Sina cha kuwapa zaidi ya kisu cha pili.

Somo la chanjo nalo lisisahaulike. Katika miaka ya 1960 chanjo za trakoma zilijaribiwa kwa watu katika nchi kadhaa, Gambia ikiwemo. Kinga ilidumu muda mfupi, na baadhi ya majaribio yaliashiria kwamba waliochanjwa wakikutana tena na mdudu huweza kuugua vikali zaidi. Kazi hiyo ililala kwa miongo. Sasa imeamka: mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya majaribio ya kwanza ya chanjo mpya dhidi ya klamidia, jamii ya mdudu huyuhuyu, yaliyofanyika London kwa wanawake 35. Siku chanjo kama hiyo itakapoletwa kwa ajili ya macho, nani atasema kama ni salama kwa mtoto wa Longido? Asiyejua mwili wa mtoto huyo unavyoitikia maambukizi hataweza.

Faida nyingine tumeshaanza kuila bila kuitaja. Watoto wa Kongwa na wa Kahe Mpya, Rombo, walisaidia kuonyesha kwamba tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi linaweza kueleza kama jamii bado inaambukizwa, kwa kutafuta kingamwili dhidi ya protini ya mdudu iitwayo Pgp3. Huo ni utafiti wa kinga, na leo unasaidia kufuatilia maambukizi katika nchi kadhaa.

Basi naomba haya. Kwanza, bajeti ya utafiti ya wizara iwe na fungu la vikope linalotaja wazi kinga na vinasaba, lipitie Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na lisomeshe vijana wetu hadi ngazi ya uzamivu. Maabara zinazochunguza vinasaba vya malaria na kifua kikuu tunazo. Sampuli ya kope haina sababu ya kupanda ndege kila mara. Inapolazimika kusafiri, mkataba useme Mtanzania gani atashiriki kuisoma na kuandika matokeo yake.

La pili ni la haraka zaidi. Masharti ya uthibitisho yanadai dalili za ugonjwa ziwe chini ya asilimia 5 kwa watoto wa mwaka 1 hadi 9, na wenye kope zilizogeuka ambao mfumo wa afya hauwajui wawe chini ya asilimia 0.2 kwa wenye miaka 15 na zaidi. Yanadai pia uwepo mfumo wa kuwahudumia wagonjwa wapya watakaojitokeza baadaye. Mfumo huo ndio ninaouogopea. Miradi ikiondoka na magari huondoka. Naomba kila wilaya iliyowahi kuwa na vikope iwe na daftari la watu wenye makovu, wachunguzwe kila mwaka, na daftari hilo liwe pia msingi wa utafiti kwa watakaoridhia. Watu hao wataishi miaka thelathini, arobaini mbele.

Mwisho, wanaotoa machozi, damu na vipande vya ngozi ya kope zao waelezwe kilichoonekana. Nimekaa na wazazi ambao watoto wao walipanguswa kope kwa pamba, wakaahidiwa majibu, na hadi leo hawajui kilichopatikana. Liwe sharti la kibali: mtafiti arudi kwenye mkutano wa kijiji, aeleze kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji, na mtendaji wa kijiji atie saini kwamba amerudi.

Wako mtiifu,
Muuguzi wa macho,
Mkoa wa Dodoma