Barua ya wazi kwa Meya wa Amalfi: Tuandikieni vidato, si dakika

Kwa Mheshimiwa Meya,
Manispaa ya Amalfi,
Italia.

KUH: HESABU YA VIDATO VYA NGAZI KATIKA NJIA ZA MIGUU

Mheshimiwa,

Salaam nyingi. Mimi ni mzaliwa wa Malindi, pwani ya Kenya, mji ambao Waitaliano wenzako wameuzoea hadi muuza madafu anakutajia bei kwa lugha yenu. Kiitaliano nilikiokota huko huko, kwenye jiko la hoteli, kabla sijajua Amalfi iko upande gani wa ramani. Sasa huu ni mwaka wangu wa 6 hapa kwako, namtunza bibi wa miaka 88 anayekaa nyumba ya juu, juu kabisa. Nakala ya Kiitaliano nitaileta ofisini kwa mkono wangu. Hii ya Kiswahili naiacha wazi kwa sababu kila kiangazi ndugu zangu wa Mombasa, Dar, Muscat na Ujerumani hunipigia simu kuniuliza njia, nami nataka wajue nimekuomba nini.

Nyumba ya Bibi iko vidato 287 juu ya barabara. Shuleni niliishia kidato cha 4. Hapa nafika cha 287 kila siku, tena na mfuko wa viazi mkononi.

Sikuandikii kulalamika, Mheshimiwa. Ngazi hizi nimezipenda. Kabla barabara kuu ya 163 kuchongwa kwenye majabali katika karne ya 19, aliyetaka kufika Amalfi alikuja kwa chombo au kwa miguu, na punda na nyumbu ndio waliokuwa malori. Hadi leo fundi akijenga huko juu, saruji hupandishwa na nyumbu, kengele shingoni, na wewe mpita njia unajibana ukutani kuwapisha. Mtu wa Lamu akishuhudia hayo atajiona yuko kwao. Akifika Atrani, ule mji jirani ambao kwa eneo ndio manispaa ndogo kuliko zote Italia, akapita chini ya vyumba vilivyojengwa juu ya uchochoro, atasema: kumbe na hawa wana wikio!

Ninachoomba ni kidogo. Vibao vya njia za milimani, vile vya rangi nyekundu na nyeupe, hutaja saa na dakika. Sasa dakika hizo ni za nani? Za kijana mwenye viatu vya mlima, au zangu mimi na viazi vyangu, au za Bibi? Mimi dakika zangu 15 kwa Bibi ni saa nzima na vituo 6 vya kuvuta pumzi. Lakini vidato 287 ni 287 kwake, kwangu, kwa kijana na hata kwa nyumbu. Andikeni hesabu hiyo kwenye kila kibao: vya kupanda vingapi, vya kushuka vingapi.

Nikueleze kilichonisukuma. Mwaka jana, mwezi wa Agosti, saa 8 za mchana, nilimkuta mzee na mkewe wameketi kwenye ngazi na masanduku mawili makubwa, yale ya magurudumu. Magurudumu, Mheshimiwa, kwenye ngazi! Mama alikuwa anajipepea kwa tiketi ya basi. Nikasikia anamwambia mumewe, kwa Kiswahili safi cha Mombasa, "Si nilikwambia tulale Napoli." Nikawaamkia, "Shikamooni." Mzee alinitazama kama aliyeona malaika. Akaitikia marahaba, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hiki chumba kiko duniani au mbinguni?" Mwenye chumba alikuwa amewaandikia "dakika 10 kutoka baharini". Hakusema uongo: ni dakika 10 ukishuka, mikono mitupu, asubuhi. Tulipandisha masanduku kwa zamu, tukavihesabu vidato kwa sauti ili mzee asikate tamaa. Vilikuwa 341. Yule mama aliniambia neno ambalo sijalisahau: angelijua ni 341, wangeacha sanduku moja stesheni, wala wasingekasirikiana.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni ya Bonde la Ferriere, na hiyo ndiyo ninayowapeleka wageni wangu kwanza. Unaanzia uwanja wa kanisa kuu na kufuata mtaa mkubwa kwenda juu. Mgeni hajui kwamba anatembea juu ya mto: Canneto ulifunikwa, ukawa unapita chini ya mawe ya barabara, na mvua ikinyesha sana unausikia ukinguruma chini ya nyayo zako. Unapita jumba la makumbusho ya karatasi, ambako nyundo za mbao zilizoendeshwa na maji ziliponda matambara ya pamba na kitani hadi yakawa uji, na uji ukawa karatasi. (Nakala yako ya Kiitaliano nimeiandika juu ya karatasi hiyo hiyo. Mfalme Frederick II, mtawala wa kusini mwa Italia aliyeagiza mwaka 1231 hati rasmi ziandikwe kwenye ngozi kwa kuwa hakuiamini karatasi, ataniwia radhi.) Kisha nyumba zinakwisha, malimau yanaanza, na baada ya malimau unakuta viwanda vya karatasi vilivyokufa, madirisha matupu, miti ya tini imechomoza ndani na kutoa matawi nje kama watu wanaochungulia.

Juu zaidi kuna magofu ya kiwanda cha chuma, ndicho kilicholipa bonde jina lake. Hapo hewa inabadilika. Huku nyuma ulikuwa unatokwa jasho, sasa unatafuta kitambaa cha kujitanda. Maji yanateremka kwenye miamba yenye ukoga, na pembezoni inaota Woodwardia radicans, jamii ya kangaga, mabaki ya enzi za kale sana kabla barafu haijaifunika Ulaya. Jani lake ni refu kupita mita moja. Linapinda taratibu hadi ncha iguse udongo, na hapo ncha inatoa mizizi, mche mpya unazaliwa. Mmea unaotembea kwa kuinama! Bonde hili limekuwa hifadhi ya taifa tangu 1972, na nashukuru kwamba sehemu yake ya ndani kabisa imezungushiwa uzio. Sisi wageni tukiachiwa, tungeimaliza kwa picha.

Kutoka bondeni unaweza kurudi kwa njia ya Pontone na kushuka kupitia Mnara wa Ziro, ambako wanasema mke wa marehemu mtawala wa Amalfi, Giovanna wa Aragona, alifungwa hadi mauti yake mwanzoni mwa karne ya 16. Mandhari yake huzuia maneno: Atrani chini ya mguu wa kushoto, Amalfi chini ya mguu wa kulia. Lakini Pontone ni ya manispaa ya Scala, si yako. Hapo ndipo ugumu ulipo, najua. Ngazi moja inaanzia kwako, inapitia kwa jirani, inaishia kwa mwingine. Njia ya Malimau, ile fupi yenye vidato kama 400, iko kati ya Maiori na Minori. Njia ya Miungu inaanzia Bomerano huko Agerola, zaidi ya mita 600 juu ya bahari, na kuishia Nocelle upande wa Positano. Basi keti na mameya wenzako. Sidhani kuhesabu kunahitaji mkandarasi.

Na hiyo Njia ya Miungu ndiyo ushahidi wangu mkubwa. Wageni wote wanaiogopa ile sehemu ya juu, yenye majabali na kizunguzungu, ambayo kwa kweli mtu wa kawaida anaipita akipiga soga. Wakifika Nocelle wanapongezana, wanakunywa maji ya limau, wanadhani kazi imekwisha. Kumbe kutoka pale hadi barabara ya chini, Arienzo, ni vidato kama 1,700. Kwetu tunasema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Nimeona majitu ya mazoezi, misuli hadi masikioni, yanashuka ngazi za Nocelle kinyumenyume yameshika ukuta.

Kuna jambo la pili, nalo nalisema kwa sauti ya chini kidogo. Fedha za kukarabati zikipatikana, mshikio wa chuma na taa zianze kwenye ngazi zinazopita milangoni mwa watu, ndipo zifuate zile za kwenye picha. Tarehe 2 Februari 2021, mwamba ulipoporomoka na kuifunga barabara ya 163 hapa hapa Amalfi, mungu bariki hakufa mtu, lakini barabara ilikaa imefungwa zaidi ya miezi miwili. Siku kama hizo ngazi si utalii. Ndiyo barabara pekee ya mtu mwenye dawa mfukoni.

Bibi ninayemtunza alizaliwa Minori. Mama yake alikuwa mmoja wa wale wanawake walioitwa formichelle, yaani sisimizi, waliobeba malimau begani kutoka kwenye makonde ya juu hadi pwani, mzigo wa kilo 50 na zaidi, kutwa mara kadhaa. Bibi anasema mama yake hakuwahi kujua ni saa ngapi, lakini alijua kila kidato kilicholegea, na usiku alikuwa akiwafundisha watoto kuhesabu kwa ngazi hizo. Mara ya mwisho Bibi kushuka mjini ni miaka miwili iliyopita, majirani wanne walipombeba kwa kiti aione sikukuu ya Mtakatifu Andrea ya Juni 27, pale wanaume wanapoichukua sanamu nzito ya mtakatifu na kuipandisha mbio vidato vyote 62 vya kanisa kuu. Alilia. Tangu hapo anasikiliza fataki akiwa roshani.

Mheshimiwa, mji wako umemsimamishia sanamu Flavio Gioia kwa kuvumbua dira, ingawa wanahistoria wengi wanaona mtu huyo hakuwahi kuwepo. Vidato vyenyewe vipo, na kuvihesabu ni rahisi kuliko kumtafuta yeye. Nimeshaanza: daftari langu lina ngazi 11 za upande wetu, kila moja nimeihesabu mara mbili, kupanda na kushuka, kwa sababu mara ya kwanza hukosea pale paka wanapolala. Alhamisi alasiri na Jumapili ni mapumziko yangu. Nikipewa mtu wa manispaa na kopo la rangi, tutaanza na ile ya vidato 341.

Wako,
Mtunza wazee, mzaliwa wa Malindi,
Amalfi.