Ushuru wa majimbo ya Marekani hufuata kazi, haufuati nyumba peke yake

Kwa Mhariri,

Mkazi wa Kitengela anayefanya kazi Upper Hill hulala Kajiado na kulipwa Nairobi, na hakuna kaunti kati ya hizo mbili inayomdai ushuru wa mapato. Ibara ya 209 ya Katiba ya 2010 imeiachia Serikali ya Kitaifa ushuru huo. PAYE hukatwa mara moja, huenda KRA, na kabla ya Juni 30 anachukua P9 yake na kuwasilisha ritani moja, basi.

Mazoea hayo ndiyo huwaponza wauguzi, wahudumu wa wazee na madereva wa malori wanaotoka hapa kwenda Marekani. Jamaa waliotangulia huwaambia, "Panga nyumba kwenye jimbo lisilo na ushuru, mshahara wote utakuwa wako." Ushauri huo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa hugharimu maelfu ya dola.

Mbali na ushuru wa serikali kuu ya Washington, majimbo mengi ya Marekani hutoza ushuru wao wenyewe wa mishahara. Yasiyotoza ni 9: Alaska, Florida, Nevada, New Hampshire, South Dakota, Tennessee, Texas, Washington (jimbo, si mji mkuu) na Wyoming. Lakini jimbo ambamo kazi inafanyika lina haki ya kutoza pato lililopatikana ndani ya mipaka yake, hata kama mfanyakazi analala kwingine. Nalo jimbo analoishi, ikiwa linatoza, hutoza pato lake lote, popote alipolipata.

Tazama Lowell, Massachusetts, mji wenye Wakenya wengi, na Nashua, New Hampshire, uliovuka tu mpaka kaskazini yake. Muuguzi anayelala Nashua na kushika zamu Lowell kwa dola 60,000 kwa mwaka hutozwa na Massachusetts asilimia 5, yaani kama dola 3,000 kabla ya kuondoa misamaha. Hujaza Fomu 1-NR/PY, ya wasio wakazi. New Hampshire haimdai chochote, na kwa kuwa haimdai, haina cha kumpunguzia.

Sasa mgeuze: alale Lowell, kazi iwe Nashua. Huyu ndiye huumia zaidi, kwa sababu haoni linalokuja. Mwajiri wa New Hampshire huenda asikate hata senti ya jimbo, mshahara ukaonekana mnono mwaka mzima, kisha Aprili Massachusetts ikadai zile dola 3,000 kwa mkupuo, na adhabu juu yake. Anayetarajia kudaiwa zaidi ya dola 400 hutakiwa kulipa kwa awamu nne: Aprili 15, Juni 15, Septemba 15 na Januari 15. Njia nyepesi ni kumwomba mwajiri, tangu wiki ya kwanza kazini, akubali kukata ushuru wa Massachusetts.

Pale ambapo majimbo yote mawili yanatoza, mtu halipi mara mbili, mradi afuate utaratibu. Kwanza hujaza ritani ya serikali kuu, kisha ya jimbo la kazi kama asiye mkazi, na mwisho ile ya nyumbani, ambako huomba nafuu kwa ushuru aliolipa kule kwingine. Akianza na ya nyumbani, atakuwa anakisia tarakimu ambayo bado hajaipata. Nafuu yenyewe ina kikomo: haizidi ushuru ambao jimbo la nyumbani lingetoza kwa pato lilo hilo. Jimbo la kazi likichukua dola 2,400 na la nyumbani lingetoza 1,900, atapunguziwa 1,900, na zile 500 haziregeshwi na yeyote. Ikiwa la kazi limechukua 1,500, ataongeza 400 nyumbani. Kwa ufupi, hulipa kiwango cha lile lililo ghali zaidi.

Kosa ninaloliona sana ni kuchukua kiasi kilichokatwa kwenye mshahara na kukiandika kama nafuu. Kinachohesabiwa ni ushuru uliodaiwa kihalali. Ikiwa mwajiri alikatia jimbo lisilostahili, jimbo la nyumbani halitafidia kosa hilo. Mtu lazima apeleke ritani kwa jimbo lile lile lililopokea pesa na kudai arudishiwe. Ndiyo maana fomu ya W-2, taarifa ya mwaka ya mshahara na makato anayotoa mwajiri, isomwe hadi chini: kisanduku cha 15 kina jina la jimbo, cha 16 mshahara uliohesabiwa huko, na cha 17 ushuru uliokatwa.

Yapo majimbo jirani yaliyokubaliana kwamba mfanyakazi alipe nyumbani tu. Pennsylvania imeafikiana na New Jersey, Maryland, Virginia, West Virginia, Ohio na Indiana. Makubaliano hayo hayajitekelezi yenyewe. Mkazi wa Pennsylvania anayefanya kazi New Jersey humpa mwajiri fomu ya NJ-165, na wa New Jersey anayefanya kazi Pennsylvania humpa REV-419. Asipoipeleka, atakatwa upande usiofaa na kungoja marejesho huku nyumbani akidaiwa. Tena makubaliano hayo hayagusi ushuru wa jiji. Anayelala New Jersey na kufanya kazi Philadelphia, jiji la Pennsylvania, bado atakatwa na jiji zaidi ya asilimia 3 ya mshahara, ila New Jersey humpa nafuu kwa hicho. Delaware haina makubaliano na jirani yeyote, na Minnesota na Wisconsin zilivunja yao baada ya mwaka wa ushuru wa 2009, ingawa bado wapo wanaoshauriana kana kwamba yapo.

New York inastahili tahadhari ya pekee. Mwajiri akiwa huko, siku ambazo mfanyakazi anafanyia kazi nyumbani kwake New Jersey kwa hiari yake huhesabiwa kuwa za New York. Tena kisanduku cha 16 cha New York huonyesha mshahara wote wa mwaka, hata kama sehemu yake ilipatikana kwingine, na wengi hushtuka wakidhani wametozwa maradufu. Huo ndio utaratibu wa New York. Sehemu yake halisi hugawanywa kwenye fomu ya IT-203, ritani ya wasio wakazi.

Dereva wa lori anayepita majimbo kadhaa kwa kazi yake ya kawaida ana kinga ya sheria ya shirikisho: mshahara wake hutozwa na jimbo analoishi tu. Akikuta amekatiwa jimbo jingine, adai pesa zake.

Ombi langu ni kwa mawakala wa ajira walioko hapa Nairobi. Barua ya ofa inayotaja dola na jina la hospitali haitoshi. Mara nyingi kampuni inayoajiri ina ofisi Texas, muuguzi anapelekwa kushika zamu Oregon, naye anaamini ni Texas inayohesabiwa. Oregon itamtoza kwa sababu kazi inafanyika huko. Andikeni waziwazi jimbo la zamu, jimbo la nyumba mtakayompangia, ushuru wa jimbo utakaokatwa kila mshahara, na fomu anayopaswa kutia saini siku ya kwanza. Taarifa hizi mnazo kabla hajapanda ndege, na yeye anazihitaji kabla hajatia saini mkataba.

Mhasibu wa ushuru,
Nairobi