Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nishani Ambazo Karani Hakuziandika

Ndugu wanachama, akina mama wajane wetu, na vijana mliojiunga nasi mwaka huu,

Salaam nyingi. Mwaka jana, wakati kama huu, niliahidi mambo matatu: kumaliza deni la ukumbi, kuanzisha mfuko wa misiba, na kumsaidia kila mwanachama ambaye karatasi zake za jeshi la Marekani zina kasoro. Deni limekwisha. Mfuko upo, na mweka hazina ataueleza mpaka senti ya mwisho, sitamwingilia. Hilo la tatu ndilo lililokula usiku wangu na Jumamosi zangu, kwa hiyo mniwie radhi nikilizungumza kwa kirefu.

Lilianza na karatasi moja. Mwenzetu mmoja aliyeingia Jeshi la Nchi Kavu la Marekani kupitia MAVNI, mpango uliowachukua wageni wenye lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwemo, alikuwa anaomba kazi ya serikali kuu. Akatakiwa aambatanishe DD 214 yake, cheti anachopewa askari anapotoka jeshini, akaja kwangu niitupie jicho kwanza. Tukaketi mezani, chai ikapoa. Kisanduku cha 18, kwa herufi ndogo, kinasema alihudumu Afghanistan, na tarehe za kwenda na kurudi zimeandikwa: miezi tisa. Nikapandisha macho hadi kisanduku cha 13, panapoorodheshwa nishani. Nishani ya Utumishi wa Ulinzi wa Taifa ipo. Utepe wa Utumishi wa Jeshi upo. Nishani ya Kampeni ya Afghanistan haipo. Chini ya orodha karani amepiga yale maneno yao ya kufungia, kwamba hakuna kinachofuata. Hakuna kinachofuata, na miezi tisa ya vumbi imekaa vidole vitatu chini yake, karatasi hiyohiyo!

Nikamuuliza, "Ulipotia sahihi hukuona?"

"Niliona, mwenyekiti. Lakini ndege yangu ilikuwa saa kumi jioni."

Nishani hiyo haihitaji ushujaa wala pendekezo la kamanda. Kama ulikaa kwenye eneo la kampeni siku 30 mfululizo, au 60 zisizofuatana, ni yako, pamoja na nyota ndogo ya shaba kwa kila kipindi cha kampeni ulichokuwepo. Mwenzetu alikuwa na siku zaidi ya 250. Hakuna aliyemnyima. Karani anaandika anachokiona kwenye mfumo siku ile, na kama amri ya nishani haijaingizwa kwenye faili, kwake haipo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na siku hizi daftari lenyewe liko ndani ya kompyuta ya mtu mwingine.

Baada ya hapo nikawaomba wote mlete karatasi zenu, na hapo ndipo nilipojua ukubwa wa jambo. Kasoro iliyojirudia kuliko zote inatuhusu sisi hasa: majina. Sisi tunaingia jeshini na majina matatu ya pasipoti, jina la babu likiwa mwishoni au katikati, kutegemea afisa wa uhamiaji aliamkaje. Wapo waliopewa FNU kama jina la kwanza, herufi ambazo maana yake ni kwamba jina la kwanza halijulikani, kwa sababu pasipoti ilikuwa na jina moja tu. Halafu mtu anaapishwa uraia angali mafunzoni, anatumia nafasi hiyo kulipunguza jina au kulipanga upya, na kuanzia siku hiyo ana watu wawili kwenye makabati ya serikali. Mmoja wetu tulimpata hivyo. Amri ya Nishani ya Tabia Njema ilikuwepo siku zote, imetiwa sahihi na kamanda wake, ila kwa jina la zamani. Tuliambatanisha cheti cha uraia chenye mabadiliko ya jina, na suala likaisha bila mabishano.

Sasa ushahidi. Wengi mlikuja mkidhani kwamba kazi yangu ni kuandika barua kali. Barua kali hazijasaidia mtu yeyote mwaka huu. Kilichosaidia ni vitu mlivyokuwa navyo kabatini na kwenye simu za zamani: amri ya kupelekwa vitani, cheti cha nishani chenye namba ya amri, taarifa za tathmini za masajini, na kitu ambacho watu hukitupa kama takataka, yaani karatasi ya mshahara ya kila mwezi. Karatasi ile huonyesha malipo ya eneo la hatari, dola 225 kwa mwezi, na mwezi ambao mshahara wako haukutozwa kodi kwa sababu ya eneo la vita. Askari hawezi kuzipata hizo akiwa amekaa Texas. Dada yetu mmoja alikuwa na karatasi 11 za namna hiyo kwenye bahasha moja na risiti za nguo za watoto. Faili lake lilikwenda haraka kuliko la mtu yeyote.

Nakiri pia kosa langu. Faili la kwanza kabisa nililipeleka moja kwa moja kwenye bodi ya kusahihisha kumbukumbu za kijeshi, kwa fomu DD 149, nikijiona mjanja wa kuruka foleni. Likarudi. Bodi ni mlango wa mwisho, na haikusikilizi kabla hujabisha milango ya chini. Kwa Jeshi la Nchi Kavu unaanzia Kamandi ya Rasilimali Watu iliyoko Fort Knox, Kentucky, na kwa mafaili ya zamani, kituo cha taifa cha kumbukumbu za watumishi kilichoko St. Louis, Missouri. Wakikataa, au kosa likiwa linahitaji uamuzi na si la kunakili tu, hapo ndipo bodi inaingia. Yule mwanachama alipoteza miezi kwa sababu yangu, na nimemwomba radhi. Kwa walio na wasiwasi wa muda: sheria inatoa miaka 3 tangu ulipoligundua kosa, lakini bodi inaweza kuupuuza muda huo ikiona haki inataka hivyo, na mara nyingi kwa nishani za wazi huwa inafanya hivyo. Msikate tamaa kwa sababu mlitoka zamani.

Na mjue mtakachopewa. Hamtaletewa DD 214 mpya. Mtaletewa DD 215, ukurasa unaosema kwamba kisanduku fulani kiongezwe kitu fulani. Ile ya kwanza inabaki vilevile. Mwenzetu wa Afghanistan alipopata yake alikuja nayo ndani ya plastiki, akaniuliza, "Kwa hiyo yale maneno ya hakuna kinachofuata yanabaki?" Yanabaki. Zibandikeni pamoja, na popote mnapopeleka moja pelekeni na ya pili. Picha zake msizitume kwenye kundi letu la WhatsApp, nawasihi. DD 214 nyingi zina namba nzima ya hifadhi ya jamii, na mwaka huu nimelazimika kufuta tatu.

Faili lililonigusa zaidi si la askari kabisa. Mama yetu wa Likoni, ambaye marehemu mumewe Mmarekani alikuwa Vietnam mwaka 1968 na 1969, alitaka orodha kamili kabla ya kuagiza jiwe la kaburi. DD 214 ya mzee ilikuwa ya mwaka 1970, safi, haina kosa hata moja. Lakini mwaka 1974 Jeshi lilitoa Amri ya Jumla Namba 8, iliyovithibitishia vikosi vyake vyote vilivyohudumu Vietnam heshima ya kikosi ya Msalaba wa Ushujaa wenye Mtende, waliyopewa na serikali ya Vietnam Kusini. Mzee alikuwa ameshavua sare miaka 4. Karatasi yake ingejuaje? Maelfu kwa maelfu wako hivyo, na hawajui. Mjane ambaye hajaolewa tena anaruhusiwa kuomba, na mama ameomba, na ukurasa umekuja. Kwa kuwa ni heshima ya serikali ya kigeni hatukusubiri kutumiwa utepe. Mwanawe aliununua dukani, mwekundu na manjano, katika fremu ya rangi ya dhahabu. Mama aliushika kwa ncha za vidole kama kitu cha moto. Akasema mzee hakuwahi kumsimulia chochote, isipokuwa mvua.

Mwanachama mwingine alituma ombi la baba mkwe wake aliyehudumu miaka ya 1950, akajibiwa kwamba faili liliungua. Alidhani anazungushwa. Hazungushwi. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliteketeza ghorofa ya juu ya jengo la kumbukumbu pale St. Louis, ukala mafaili kati ya milioni 16 na 18. Kwa Jeshi la Nchi Kavu ni kama asilimia 80 ya waliotoka kati ya Novemba 1912 na Januari 1960, na nakala hazikuwepo. Lakini rekodi za malipo na ripoti za asubuhi za vikosi zipo, na kwa hizo utumishi wa mtu huweza kujengwa upya. Tunaendelea na faili hilo.

Sasa lile litakalowaudhi baadhi yenu. Wapo walionitaka niwasaidie kupata Beji ya Mapambano, ile iliyoanzishwa mwaka 2005, kwa sababu kambi yao ilirushiwa makombora. Swali ni wewe ulikuwa wapi kombora lilipotua, na nani alikuona. Aliyekuwa upande wa pili wa kambi akila chakula cha jioni hana dai, na nimemwambia hivyo usoni. Nishani za ushujaa nazo ni habari nyingine kabisa: hizo hazisahihishwi, hupendekezwa na aliyeshuhudia au mwenye mamlaka, na muda ukishapita hupitia kwa mbunge wa Bunge la Marekani. Chama hiki hakitatia muhuri wake kwenye nishani ambayo mtu hakuivujia jasho. Mwenye kutaka kugombana nami kuhusu hilo, ajenda namba 6 ni yake.

Kuna anayeniuliza kwa nini nashughulika na vipande vya kitambaa. Faida zipo: nishani ya kampeni huweza kukupa pointi 5 za upendeleo kwenye ajira ya serikali kuu, na Purple Heart, nishani ya waliojeruhiwa vitani, 10. Lakini nina langu pia. Babu yangu alikuwa keya, askari wa King's African Rifles la Waingereza, akaenda Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, akarudi kijijini na koti zito na kikohozi. Nyota, yaani nishani za vita ile, Uingereza haikuziandika majina ya wenyewe, na nyingi zilibaki mpaka mtu aziombe. Babu hakujua kwamba zinaombwa. Mimi najua.

Mambo mengine kwa ufupi. Katibu anamaliza muda wake na hajataka kurudi. Fomu za kugombea ziko kwa mweka hazina. Ada haijapanda. Mashine ya skana tuliyoazimwa itakuwa ukumbini Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, kuanzia saa tatu asubuhi hadi mandazi yatakapokwisha. Leteni DD 214, amri zote, karatasi za mshahara hata zilizokunjamana, na cheti cha uraia kwa waliobadilisha majina. Ondoeni pini za stepla nyumbani. Mara ya mwisho nilizing'oa kwa meno.

Wenu,
Mwenyekiti