Barua ya kufunga muhula: walimu wetu nao wanahitaji kushikwa mkono

Wapendwa wazazi na walezi,

Habari za siku nyingi, natumaini mko salama. Muhula umeisha, watoto wanarudi nyumbani na ripoti zao kwenye bahasha, na yale mambo ya kawaida ya kufunga shule (tarehe ya kufungua, sare, vitabu vya maktaba vya kurudisha) yako kwenye karatasi nyingine humo humo kwa hiyo hapa siyarudii. Barua hii naiandika kwa jambo moja tu, walimu wetu wanaofundisha watoto wenye ulemavu, yaani wanasaidiwaje, maarifa na vifaa wanavipata wapi, na nyie wazazi mnaingia wapi. Ni ndefu, nivumilieni.

Tukiongelea elimu jumuishi, yaani watoto wenye ulemavu kusoma pamoja na wenzao kwenye shule ya kawaida, watu wengi wanafikiria njia ya kiti mwendo na mlango mpana, na ni kweli lazima viwepo, ila mtoto akishaingia darasani anabaki na mwalimu, na huyo mwalimu asipojua afanye nini basi ile njia imemfikisha mtoto kwenye dawati tu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006 umeliona hilo, kifungu chake cha 24 kinazitaka nchi zifundishe walimu na wafanyakazi wa shule wa ngazi zote, na kuajiri walimu wanaojua lugha ya alama na breli (maandishi ya nukta zinazosomwa kwa vidole) wakiwemo walimu wenye ulemavu wenyewe. Tangu Tamko la Salamanca la mwaka 1994 dunia ilishakubaliana watoto hawa wapokelewe kwenye shule za kawaida, na UNICEF mwaka 2021 walikadiria watoto wenye ulemavu duniani ni karibu milioni 240, kwa hiyo mwalimu yeyote, hata yule aliyesomea hisabati na fizikia tu, atakutana nao. Chuoni wengi wetu tulipewa somo moja la juu juu kuhusu hili, afu tukaingia darasani.

Sasa niwape mfano mmoja kwa undani maana huu ndo tumeufanyia kazi sana muhula huu. Simameni mbele ya kioo mtamke bila kutoa sauti: baba, mama, papa. Mnaona tofauti yoyote mdomoni? Hakuna, midomo inafunga na kufunguka vile vile. Mtoto asiyesikia vizuri ambaye anategemea kusoma midomo anaishi na hicho kitendawili kutwa nzima, anakisia neno kwa kuangalia maneno ya jirani, na mwalimu akigeukia ubao huku anaendelea kuongea basi hata ule mdomo wenyewe umeondoka. Walimu wetu walipofanya zoezi hili na mwalimu wa elimu maalum, wawili wawili wanatazamana bila sauti, chumba kilikuwa kimya kwa muda mrefu na baada ya hapo sikuhitaji kumshawishi mtu. Siku hizi utaratibu ni huu: andika ubaoni kwanza, nyamaza, geuka, ndo uongee. Mwalimu asimame pale mwanga unapompiga usoni, asilipe dirisha mgongo maana uso unakuwa giza. Mwanafunzi wa nyuma akiuliza swali, mwalimu analirudia kwa sauti kabla ya kujibu. Hayo yote hayahitaji hela, yanahitaji mtu wa kukukumbusha mpaka yazoeleke, na ndo maana tumeweka utaratibu wa mwalimu kukaa kwenye somo la mwenzake na kumwambia baadaye alichoona.

Kuna wazazi wanadhani mtoto akishavaa kifaa cha kusikia basi mambo yamekwisha. Hapana. Kile kifaa kinakuza sauti, na kinakuza kila sauti, ya mwalimu na ya viti vinavyoburutwa na ya feni na ya wale wanaonong'ona nyuma. Ndo maana mtaona miguu ya viti kwenye madarasa mawili imevalishwa mipira ya tenisi iliyochanwa, haijawekwa kwa urembo, inaua kelele za sakafuni. Na yule mwalimu mnayemuona amevaa kipaza sauti kidogo shingoni, sauti yake inaenda moja kwa moja kwenye kifaa cha mtoto bila kupita kwenye kelele za darasa, kwa hiyo amefundishwa pia kukizima akitoka nje kuongea na mzazi, maana mtoto angesikia kila kitu. Kwa watoto viziwi wanaotumia lugha ya alama ni habari nyingine, hiyo ni lugha kamili yenye sarufi yake na kila nchi ina ya kwake, haitoshi mwalimu kujua ishara za salamu na namba, anahitaji miaka na anahitaji watu viziwi wa kumfundisha. Hapo bado tuna safari na nitawaambia wazi tukifika wapi.

Upande wa wasioona. Breli ina nukta sita tu kwenye kila kiseli (kisanduku cha herufi moja), Louis Braille aliitengeneza akiwa kijana wa miaka 15 mwaka 1824 huko Ufaransa, na mpaka leo ndo njia ya mtoto asiyeona kusoma herufi kwa herufi mwenyewe, kuona tahajia, kuona mahali koma ilipokaa, vitu ambavyo kusikiliza tu hakumpi. Mashine ya kuandikia breli ina vitufe sita vya nukta, kimoja kwa kila nukta, na mtoto akikaribia mwisho wa mstari inalia kengele. Ni nzito, karibu kilo 5, kwa hiyo msimtarajie aibebe kila siku. Akiandika kwa kibao na msumari wake butu inabidi aanzie kulia kwenda kushoto na kila herufi aigeuze, maana nukta zinatokeza upande wa pili wa karatasi, afu akipindua ndo inasomeka kawaida. Walimu waliojaribu wenyewe kuandika majina yao hivyo walielewa kwa nini mtoto anaomba muda wa ziada kwenye mtihani. Na jambo ambalo watu hawalifikirii: ukurasa mmoja wa maandishi ya kawaida unaweza kutoa kurasa mbili au tatu za breli, na kuna mtu lazima akae aziandae. Mwalimu akitunga zoezi saa mbili asubuhi na kuligawa saa tatu, mtoto huyo hana zoezi. Kwa hiyo tumekubaliana kazi zote zinamfikia mwalimu wa breli mapema, na hapo msaada mkubwa kuliko mashine yoyote ni mwalimu kupewa muda wa kuandaa.

Hilo la muda nalisisitiza. Kila mwalimu mwenye mtoto aliye na mpango binafsi wa kujifunza (malengo na msaada uliopangwa kwa ajili yake peke yake) sasa ana kipindi kimoja kwa wiki hafundishi, anakaa na mwalimu wa elimu maalum wanaangalia mpango, nini kimefanya kazi, nini hakijafanya, wanabadilisha. Najua mmesikia watoto wakisema kuna kipindi mwalimu mwingine anaingia darasani kwao, sababu ndo hiyo. Mwalimu aliyechoka na asiye na wa kumuuliza anaanza kumwacha yule mtoto pembeni na kitabu cha kupaka rangi, sio kwa ubaya, kwa kuishiwa, na mimi sitaki tufike huko.

Vya bure viko vingi, shida ni kujua pa kutafuta. Kompyuta zetu za maktaba zimewekewa NVDA, programu ya kusoma skrini kwa sauti iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, hailipiwi. Simu za Android zina TalkBack ndani yake tayari na iPhone zina VoiceOver, ni kuingia tu kwenye mipangilio na kuwasha, wazazi wengi wanazo mkononi na hawajui. Kuna pia Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 ambao umelegeza hakimiliki ili vitabu viweze kutengenezwa kwa breli, kwa sauti au kwa maandishi makubwa na kuvuka mipaka kati ya nchi zilizojiunga, hii inawasaidia hata watoto wenye disleksia (ugumu wa kusoma maneno), sio wasioona peke yao. Na kwa walimu wenyewe, taasisi ya CAST ya Marekani imeweka bure kwenye intaneti mwongozo wa kupanga somo ambalo tangu mwanzo lina njia zaidi ya moja ya kulipokea na njia zaidi ya moja ya kujibu, mwingine ataandika, mwingine atasema, mwingine atachora au kujenga. Mzazi mmoja aliniuliza kwenye kikao kama haya hayatawachelewesha watoto wengine, swali la haki kabisa. Nachokiona ni kwamba maelekezo yakiwa mafupi na yakiwa ubaoni na mdomoni, anafaidika na yule aliyekuwa anaota ndoto mchana.

Kwa watoto wenye usonji nitapita haraka: ratiba ya picha ukutani, taarifa mapema kabla jambo halijabadilika, na kona tulivu ambayo mtoto anaenda mwenyewe bila kuonekana amefukuzwa. Watoto wenye ualbino wanakaa mbele, mbali na mwanga mkali, na kofia zao ziheshimiwe uwanjani. Kuhusu kifafa, wafanyakazi wote wamefundishwa, mpaka mlinzi na dereva wa basi: usimshike kwa nguvu, usimtie kitu chochote mdomoni, mwekee kitu laini chini ya kichwa, angalia saa, degedege ikiisha mlaze kwa ubavu, ikizidi dakika 5 ita gari la wagonjwa. Wazazi fundisheni na watu wa nyumbani, bado naona watu wanakimbilia kijiko, na kijiko kinavunja meno.

Sasa nyie. Mwalimu anaweza kusoma miongozo yote ya dunia ila hajui kwamba mwanao akiziba masikio maana yake amechoka, au kwamba dawa ya asubuhi inampa usingizi mpaka saa nne, au kwamba jicho la kushoto ndo linaona kidogo. Nyie mnajua. Kwenye bahasha nimeweka karatasi yenye ukurasa mmoja, ina maswali machache: nini kinamsaidia kutulia, nini kinamkera, anaomba msaada kwa njia gani, anatumia dawa gani na saa ngapi, mara ya mwisho kupimwa macho na masikio ilikuwa lini, na anapenda nini sana (hili la mwisho msiliruke tafadhali, mwalimu akijua mtoto anapenda magari basi hesabu zake zitakuwa za magari). Ijazeni pamoja na mtoto, yeye mwenyewe ana la kusema kuhusu anavyojifunza. Nawaomba hata wazazi ambao watoto wao hawajawahi kuambiwa wana ulemavu waijaze, maana kuna watoto wanaoitwa wavivu miaka na miaka kumbe hawaoni ubao.

Najua wapo wanaoogopa kuandika. Karatasi hiyo inakaa kwa mwalimu wa darasa na mwalimu wa elimu maalum, basi, haitajadiliwa kwenye grupu la WhatsApp na mtu yeyote, na mzazi akitaka irudishwe inarudishwa. Ileteni siku ya kufungua shule, walimu watakuwa na siku ya kuzipitia kabla masomo hayajaanza. Ambaye kuandika kwake ni shida anipigie au anitumie sauti kwenye simu, nitasikiliza na kuandika mimi mwenyewe.

Likizo njema kwenu na kwa watoto.

Wenu,
Mwalimu Mkuu